Msomaji Asiwe Mtu wa Karibu

Jumatatu, 4 Mei

Leo naanza shajara. Kila mwanasheria mkubwa huacha kumbukumbu. Mimi ni mwanasheria wa mwaka wa pili, ukubwa uko njiani. Naandika kwa kalamu nene ya mabango, maana herufi ndogo sizioni. Mistari sita, ukurasa umejaa. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja bwenini, tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki, anasema siri zangu zinasomeka kutoka bweni la pili. Wivu tu.

Mambo yako hivi. Muhula uliopita nilianguka Sheria ya Mikataba. Si kwa ujinga! Karatasi ya mtihani ilichapwa kwa herufi za sisimizi. Nilijibu maswali manne kwa ufasaha wa kutisha, na mawili kati ya hayo hayakuwemo kwenye karatasi. Niliyabahatisha. Mkuu wa kitivo akaniita. Nikianguka tena, nifunge virago, nirudi nyumbani moja kwa moja. Akaniuliza kama nina tatizo lolote. Nikasema sina. Akauliza mbona namjibu huku nimelitazama kabati.

Kila mtu ananiambia niende dawati la huduma maalumu. Wanafunzi wenye uoni hafifu hupewa mtihani wa maandishi makubwa, muda wa ziada, na msomaji wa kuwasomea. Sitaki. Sababu ni moja, nayo inakaa safu ya mbele.

Namwita Sauti. Jina lake nalijua, siliandiki kwa sababu ya Redio. Uso wake sijawahi kuuona. Kwangu ni ukungu wa kahawia na kitambaa cha kijani juu yake. Lakini sauti ile! Akisema tu, samahani mwalimu, rudia hapo, mimi moyo unahama mahali pake. Mwezi uliopita aliniuliza kwa upole kama naona ubaoni, au anitafutie nafasi kule mbele. Nikamjibu naona hata vumbi la chaki. Tangu siku hiyo imenibidi nikae nyuma kabisa, ili kuthibitisha. Mbali na ubao, mbali naye. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jioni. Habari kubwa! Redio anasema Sauti amejitolea kuwa msomaji kwenye dawati lile lile. Msomaji na mwanafunzi wake hukaa kila alasiri kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba. Muhula mzima. Wawili tu. Mlango hufungwa kwa ajili ya kelele.

Nimebadili msimamo. Kesho naenda kuomba. Macho haya yamenitesa tangu utotoni, sasa yafanye kazi.


Jumanne, 5 Mei

Dawati la huduma maalumu liko ghorofa ya tatu. Ni ngazi tu, lifti hakuna. Aliyelipeleka huko ana utani wake.

Vibao vya milangoni vimeandikwa kwa herufi za kuwaficha watu. Nikafungua mlango, nikaingia kwa adabu. Shikamoo, mama. Kimya. Nikaeleza hali yangu kwa kirefu, macho, mtihani, ndoto za uwakili. Kimya. Nikadhani ananipima. Kumbe ni stoo ya vifaa vya usafi, na aliyesimama mbele yangu ni koti la mfagizi. Mfagizi mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Akasema pole mwanangu, maelezo yamenigusa, lakini ofisi ni mlango wa pili.

Dawati ni la Mama Mratibu. Hacheki ovyo. Akaniuliza nahitaji nini hasa. Nikasema msomaji. Wa kike. Sauti ya kutulia, inayopanda kidogo mwisho wa swali. Ikiwezekana awe na kitambaa cha kijani. Akaweka kalamu chini. Akasema hapa tunatoa huduma, hatupeleki posa.

Nikanywea. Akaniambia nilete barua ya daktari wa macho, kisha nifike mbele ya kamati Jumatano ijayo. Halafu akanisomea kanuni. Msomaji ndiye atakayenisomea mtihani na kuandika majibu nitakayomtajia. Kwa hiyo asiwe ndugu, rafiki wala mtu wa karibu wa mwanafunzi. Uongo ukigundulika, mtihani unafutwa.

Nusura nimkumbatie. Mimi na Sauti hatuna undugu! Hatuna urafiki! Tumeongea mara moja tu, tena nilisema uongo! Nani ana sifa kama zangu?

Nikashuka ngazi nikiimba. Kufika ghorofa ya kwanza, furaha ikaanza kuvuja. Ili nikae naye kila alasiri, lazima nisiwe kitu kwake. Nikiwa kitu kwake, nimemkosa. Nikakaa kwenye ngazi kidogo, watu wakawa wananiruka.

Lakini wakili hashindwi na kifungu. Kwanza nimpate. Ukaribu utakuja baadaye, polepole, bila mashahidi.


Alhamisi, 7 Mei

Aibu ya mwaka.

Ieleweke kwamba ule ubao wa herufi wa daktari wa macho nimeukariri tangu darasa la nne. Nilikariri nisije nikavalishwa miwani mizito nikapewa jina. Nausoma hata usingizini. Leo nimekwenda kuthibitisha kwamba sioni. Daktari akanikalisha, akasema soma. Na mazoea yana taabu! Nikausoma wote. Sikukwama popote. Mpaka ule mstari wa chini ambao hata wenye macho yao huukisia. Nilipomaliza nikajisikia fahari, halafu nikakumbuka nilichokifuata.

Daktari, dada mmoja mpole, akageuka kuutazama ukuta. Kisha akasema ubao ulitolewa ukutani wiki iliyopita, wanapaka rangi. Nimemsomea ukuta.

Barua nimepata, tena kali.

Alinimulika, akanipima kwa mashine mbili, akaniambia mambo waziwazi. Nina uoni hafifu. Miwani itasaidia kidogo tu. Hali hii haitaondoka, lakini mtu huishi nayo vizuri akikubali kusaidiwa. Hakuna aliyewahi kuniambia yote kwa mpigo. Nilitaka kutania, utani haukuja. Nikamuuliza kama kuna siku nitauona uso wa mtu vizuri. Akasema inategemea umbali. Nikimsogelea mtu hasa, pua karibu zigusane, nitauona. Akaongeza kwamba kwa kawaida watu huomba ruhusa kwanza.

Amenipa lenzi ya mkononi. Njia nzima nimekuwa nikitazama vitu. Kucha zangu. Ganda la chungwa. Kifungo cha shati, kina matundu manne, miaka yote nilidhani mawili. Vitu vina mambo mengi na mimi sikuwa na habari. Nikawaza uso wake. Nikaona haya peke yangu barabarani.


Ijumaa, 8 Mei

Amekaa mezani kwangu! Bwaloni, mchana kweupe!

Niseme kwa utaratibu. Alikuja, akakaa, akasogeza simu yake mbele yangu, akasema tazama hii. Nikatazama. Mwanga mweupe wa mraba na madoadoa mengi. Nikaamua ni picha ya familia, pengine harusi. Nikasema hongera, mmependeza wote, hasa huyo mzee wa kulia.

Halafu akacheka. Si kwa kunisimanga. Akasema kweli, wamependeza, hasa huyo wa kulia, Sheria ya Ardhi, saa nane mchana. Ilikuwa ratiba ya mitihani.

Nikasema natania. Akasema anajua. Kisha akaisoma ratiba yote taratibu, akarudia, kama anajisomea mwenyewe, wala sikumwomba. Nimeishika yote kichwani. Maisha yangu sijawahi kuipenda Sheria ya Ardhi namna hii. Alipoinuka akasema kiti cha pembeni yake kule mbele kiko wazi, huwa anakiwekea begi makusudi mtu asikae. Nikamjibu kule nyuma kunanitosha, naona kila kitu.

Ulimi huu! Nani alinipa ulimi huu?

Alasiri yote nimekifikiria kile kiti. Kina begi juu yake. Begi linakaa karibu naye kuliko mimi.

Halafu wazo likanipiga. Bwalo zima limetuona! Mpishi, wahudumu, nusu ya kitivo. Mtu yeyote anaweza kusimama mbele ya kamati akasema hawa wawili ni watu wa karibu. Nisipochukua hatua nimekwisha.


Jumapili, 10 Mei

Shangazi amepiga simu. Ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, na hupiga Jumapili kwa sababu siku nyingine wateja hawamwachi apumue. Nikamweleza nusu ya mambo. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia habari za kuzaa bado kabisa, Shangazi, hata salamu hazijakaa sawa.

Akasema yeye siku hizi haoni tundu la sindano. Mteja akiingia tu, salamu hazijaisha, anamwambia nitungie uzi. Basi. Hakuna aliyewahi kukataa, na wengine wanapita siku hizi bila hata nguo ya kushona, wanamtungia uzi, wanakaa, wanapiga soga. Mwambie mtu unachotaka, baba, akasema. Nikamweleza kwamba sheria si cherehani. Akasema hilo analiona.

Kisha akataka kujua huyo binti yukoje. Nikafungua mdomo, nikagundua sina cha kueleza. Sijui macho yake. Sijui akicheka mashavu yanakuwaje. Nikamwigizia tu anavyosema samahani mwalimu, rudia hapo. Shangazi akaguna. Akasema eeh, kazi ipo.

Simu ilipokatika niliendelea kuishika sikioni. Ushauri wake mzuri, lakini ni wa watu wa nyuzi. Mimi nina mpango. Kuanzia kesho, mimi na Sauti hatujuani.


Jumatatu, 11 Mei

Mpango umeanza.

Asubuhi, kijani karibu na mlango wa ukumbi. Nikapita shingo juu, sikumtazama. Nikarudi nikapita tena, shingo juu zaidi. Mara ya tatu nikasema kwa nguvu, mashahidi wasikie, kwamba humu ndani hakuna mtu ninayemjua. Redio akaja akaniuliza pazia limenikosea nini.

Si kitu. Yalikuwa mazoezi.

Mchana, kwenye korido, nyuma yangu, yeye. Akaniita jina langu. Jina langu! Hata sikujua kama analijua. Katika mdomo wake lilikuwa jina zuri, nikashangaa lilivyoharibiwa na wengine. Akauliza nimeamkaje, na kama nimeshapata mtu wa kunisindikiza kwenye kamati Jumatano. Kila mfupa wangu ukataka kusema bado, nisindikize wewe. Lakini walikuwepo wahadhiri wawili pale. Nikageuka, nikasema kwa ubaridi wa mahakamani, samahani, tunafahamiana?

Kimya. Kwa mtu mwenye sauti ile, kimya ni kitu kibaya sana. Akasema, basi samahani. Viatu vyake vikaondoka taratibu mpaka mwisho wa korido, vikasimama kidogo, vikaendelea.

Mpango umefaulu kwa asilimia mia moja. Sijala chakula cha jioni.


Jumanne, 12 Mei

Msiba juu ya msiba. Redio naye amejiandikisha kuwa msomaji!

Eti ananionea huruma. Huruma gani? Msomaji hupewa cheti na ruhusa ya kuingia bwaloni mapema, na Redio kwa chakula humwezi. Tangu asubuhi anafanya mazoezi chumbani. Anasoma kesi ya mauaji kama anatangaza mpira. Jaji anapitisha hukumu, yeye anapiga goooli. Nikampa karatasi yangu ya maswali ya zamani. Akasoma swali la kwanza, akajibu mwenyewe, akanieleza habari za mjomba wake, akasahau swali.

Nikibaki na huyu muhula mzima, virago nianze kufunga leo.

Dawa iko kwenye kanuni ile ile. Rafiki haruhusiwi! Nimemtangaza Redio chuo kizima. Mpishi nimemwambia mimi na Redio ni chanda na pete. Mlinzi wa lango nimemwambia ni damu moja. Nimemkumbatia mbele ya mhadhiri wa Jinai, kwa muda mrefu. Redio kaguswa. Kasema hajawahi kupata rafiki wa kumtangaza hadharani. Kanipa shuka lake jipya. Nilijisikia vibaya, halafu nikaligusa shuka, laini kweli.

Kesho kamati. Redio atakataliwa kwa urafiki. Sauti atapita kwa ugeni. Najilaza sasa hivi, jua halijazama vizuri, nikae na furaha yangu.

Haikai. Nasikia vile viatu.


Jumatano, 13 Mei

Nimepata kila kitu, na nimepoteza kila kitu. Naandika kwa hasira, kurasa zinatoboka.

Kamati ni watatu. Mama Mratibu, mkuu wa kitivo, na mhadhiri mmoja wa Mikataba ambaye nilimjibu maswali yasiyokuwepo. Barua ya daktari ikasomwa. Mkuu wa kitivo akasema lipo jambo moja halieleweki. Mtu asiyeona ubao, kwa nini mwezi mzima amekaa safu ya mwisho?

Nilikuwa nimeandaa majibu mazuri matatu. Yote yakanitoka. Nikasema kwa sababu kuna mtu aliniuliza kama naona, nikasema naona. Halafu ikabidi nikae mahali pa mtu anayeona. Nikasema nimechoka kukisia, waheshimiwa. Nimechoka kucheka wengine wanapocheka mchoro wa ubaoni nisiouona. Nilitaka kuacha hapo lakini nikasema na lingine, kwamba usomaji naupenda, ni karatasi tu ndizo hazinipendi. Mhadhiri wa Mikataba akapenga kamasi.

Wakapitisha yote. Maandishi makubwa, muda wa ziada, kiti cha mbele, msomaji. Hata mkuu wa kitivo aliinuka akanishika mkono, na safari hii nilikuwa nimemtazama yeye.

Halafu wakaitwa wasomaji, niwepo nikisikiliza.

Redio wa kwanza. Akaulizwa kama ni ndugu, rafiki au mtu wangu wa karibu. Nikatabasamu. Akasema hata kidogo! Chumba tumegawiwa na ofisi ya mabweni. Akifungua mdomo namfokea. Hajawahi kusikilizwa na mimi hadi mwisho wa sentensi. Kuhusu kukumbatiwa jana, ni ujanja, nia yangu ameisoma kwa herufi kubwa akiwa amelala kitandani kwake. Mkuu wa kitivo akasema huyu anafaa. Nikapinga, nikataja chanda na pete. Nikaambiwa nikae.

Akaja Sauti. Swali lile lile. Nikategemea hapana moja safi. Tunafahamiana? Hatufahamiani. Nilimfundisha mwenyewe!

Kisha akasema, andikeni ndiyo.

Mkuu wa kitivo akauliza, ni ndugu yako? Hapana. Rafiki yako? Akasema kiti amekiweka tangu muhula uanze, mwenyewe hajaja kukaa. Sasa ukaribu uko wapi? Akasema ukaribu uko kwake yeye. Wa upande wa pili haujui, maana juzi alimuuliza yeye kama wanafahamiana. Lakini kanuni imeuliza ukweli wake na ukweli wake ni huo. Akimsomea huyu mtihani, mkono hautaandika sawasawa. Ni heri aseme sasa kuliko mtihani wa mtu ufutwe.

Mama Mratibu, ambaye hacheki, akacheka. Akajifanya anakohoa. Mhadhiri wa Mikataba akasema, haya, limeingia kwenye kumbukumbu.

Analipiza kisasi! Kwa neno moja la korido! Kasimama mbele ya kamati nzima akajitia ukaribu usiokuwepo, ili mradi asikae na mimi chumba kimoja! Nilitoka nje. Alisimama mlangoni kama anasubiri kitu. Nikampita shingo juu. Safari hii halikuwa pazia.

Redio amechukua shuka lake.


Alhamisi, 14 Mei

Siku ya kwanza ya kusomewa. Lazima niseme kweli, hata kama inaniuma. Redio akisoma kitabu cha Mikataba, naelewa. Anatangaza vile vile, lakini nimegundua ukimwambia nyamaza, rudia, ananyamaza, anarudia. Kwa alasiri moja nimemaliza sura ambayo peke yangu ingenila wiki. Tulipomaliza nilijisikia mwepesi. Inawezekana nikafaulu. Inawezekana kweli nikafaulu.

Hapo ndipo yalipoanza. Redio akafunga kitabu, akasema ana ujumbe. Sauti atakuwa kwenye benchi la nje ya maktaba saa kumi. Anaomba nije. Hatakuwa na jambo refu.

Moyo ukalia paa! Nikainuka, nikavaa koti kichwa chini miguu juu. Redio akanisukuma mlangoni. Nenda, mjinga wewe, mbio, usimkawize tena!

Nikasimama. Mbona Redio ana haraka hivi?

Wakili hufikiri. Mama Mratibu alisema mwanafunzi anaweza kukata rufaa juu ya msomaji wake mwanzo wa muhula ujao. Nitakata. Nitathibitisha kwamba Sauti aliidanganya kamati, kwamba hakuna ukaribu, wala haujawahi kuwepo. Sasa nikionekana naye kwenye benchi, mbele ya maktaba, njia ya wahadhiri wote, rufaa imekufa. Nani anafaidika? Mwenye cheti! Mwenye kuingia bwaloni mapema! Nikamwambia Redio nimemsoma. Akajipiga kofi la paji la uso, akatoka.

Sikwenda. Nilisimama kwenye dirisha la ngazi, ghorofa ya pili, benchi liko chini. Nikatoa lenzi. Lenzi haisaidii mbali, nilijaribu hata hivyo. Niliona kijani. Kidogo, ukingoni mwa benchi, kimetulia. Nikakitazama.

Sijui nilisimama muda gani. Watu walipita wakanisalimu, sikuitika. Nilimwambia mambo mengi kutoka pale. Nilimwambia kifungo cha shati kina matundu manne. Nilimwambia kiti chake nakiota. Mvua ikaanza, watu chini wakakimbia wakipiga kelele, na kile kijani hakikutikisika. Nikasema, huyu ndiye. Mwanamke gani mwingine angesubiri kwenye mvua hivi? Nilitamani kushuka mpaka mikono ikaniuma kwa kushika ukuta.

Sikushuka. Nimeshinda.


Ijumaa, 15 Mei

Redio ameingia na kitu, akakirusha kitandani kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakusema neno. Halafu akasema mengi.

Ni kitambaa cha kijani. Sauti alikifunga kwenye mkono wa benchi, ili nikitokea mbali nijue pa kuelekea bila kumuuliza mtu. Yeye alikaa pembeni yake, kichwa wazi. Mvua iliponyesha aliingia maktaba, akakiacha pale pale, nikija nisipotee. Akasimama mlangoni mwa maktaba mpaka ikafungwa. Leo asubuhi Redio amekikuta bado kimefungwa, kimelowa.

Redio akaniuliza kama sasa nimeelewa. Akaniuliza mara mbili, polepole, kama swali la mtihani. Nikamwambia nimeelewa. Akasema basi inuka, yuko ukumbini, begi limetolewa kwenye kiti. Nikamwambia atoke kwanza, nahitaji kutulia.

Kimeanza kukauka dirishani. Nimekileta karibu na macho, karibu kabisa, kama daktari alivyosema. Hata lenzi sikuihitaji. Naona kila uzi. Pembeni kiliwahi kuchanika, kikashonwa kwa mkono, uzi wa kijani kilichopauka kidogo, mishono midogomidogo ya mtu mwenye subira. Shangazi angeisifu. Kina harufu ya mvua, na chini ya mvua harufu nyingine. Nimekilalia usoni. Sijawahi kuwa karibu naye hivi.

Kisha nikainuka, nikafikiri kama wakili.

Kwa kweli ni bahati! Kielelezo kamili cha rufaa! Jumatatu nitapanda ghorofa ya tatu, mlango sahihi, nimkabidhi Mama Mratibu kitambaa hiki mbele ya mfagizi kama shahidi. Nitasema kimeokotwa, simjui mwenyewe. Mpaka rufaa isikilizwe sitamsalimia, sitakaa kwenye kile kiti, nikisikia vile viatu nitapita njia nyingine. Muhula mmoja tu! Halafu hakuna kamati itakayoweza kusema tuko karibu, na nitampata, kila alasiri, mlango umefungwa, ananisomea.

Redio anagonga. Anasema mhadhara unaanza na kiti bado kitupu. Nimemwambia aende, mimi nitakaa nyuma.

Mvumilivu hula mbivu, Shangazi husema. Kitambaa nakirudisha Jumatatu. Leo ni Ijumaa, bado kiko kwangu.